Cherehani Haitakuwa Meza

Jumapili, 8 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi na Dada ameingia nayo. Hakuuliza habari ya mtu. Alipita moja kwa moja hadi chumbani kwa Mama, akatoa utepe wa kupimia kwenye mkoba, akaanza kupima miguu ya cherehani. Urefu, upana, akapima tena. Nikasimama mlangoni nikimtazama, kijiko cha uji bado mkononi.

"Unaishonea nguo au?" nikamuuliza.

"Naifanya meza," akasema. "Kichwa watachukua watu wa vyuma chakavu. Hii miguu ni mizuri, ina maua ya chuma, huipati siku hizi. Fundi seremala ataweka ubao juu, tutaweka chombo cha maua. Mama atapata kitu cha kutazama."

Mama alikuwa kitandani, mgongo ukutani, macho yake yasiyoona vizuri yameelekezwa dirishani. Anaishi na sisi tangu macho yalipoanza kumtupa, na cherehani alikuja nayo ingawa haijashona kwa miaka. Akatuacha tuseme, kisha akasema kama mtu anayeagiza chumvi, "Cherehani ikishona, ni cherehani. Kama haishoni, fanyeni meza."

"Nani ataishonesha?" Dada akauliza.

"Mimi," nikasema.

Walicheka wote. Mama alicheka, Dada alicheka, na mume wangu, ambaye hakuwa hata chumbani, alicheka kutoka sebuleni. Kwetu naitwa Bomoa. Jina hilo nilipewa nikiwa mdogo kwa sababu ya saa ya ukutani, likakomaa na redio, likapata cheti na pasi ya umeme. Sasa hivi naendesha gari la mkate kila siku kabla jua halijatoka, gari bovu kuliko yote kiwandani, na mkate unafika. Haijalishi. Kwao mimi ni Bomoa mpaka nizikwe.

Masharti: nitengeneze mwenyewe, bila fundi. Hilo alilileta Dada na Mama akaliunga mkono, kwamba cherehani inayongoja fundi kila ikikohoa ni sawa na meza tu. Na mwisho wake ni mvua ikikatika, kwa sababu seremala anakausha mbao zake juani na kwa sasa hakuna jua.

Niandike wazi, maana daftari hili halina wa kunicheka. Naitaka cherehani hiyo. Nimeitaka tangu utoto. Nilikatazwa kuisogelea, mwisho wangu ulikuwa kukaa sakafuni ng'ambo ya cherehani, upande wa ukutani, mikono mapajani, nikimtazama Dada anashona na Mama amesimama nyuma yake. Yeye alikaribishwa kwenye kile kiti, mimi hapana. Na sasa anataka kuikata kichwa aweke maua.

Jumatatu, 9 Machi

Nimeifungua. Gurudumu halizunguki hata kidogo. Nililisukuma kwa mikono miwili, Mama akasema kutoka kitandani, "Usilazimishe." Anaona kwa masikio huyu mama.

Jumatano, 11 Machi

Mvua. Gari lilikwama sokoni. Sijaigusa.

Alhamisi, 12 Machi

Leo nimejua ugonjwa wake. Nilikwangua kwa kucha pale chuma kinapoingia kwenye chuma, kikatoka kitu cha manjano, kigumu, kinanata. Nikakinusa.

"Mama, mlikuwa mnatia mafuta gani humu?"

"Ya kupikia," akasema bila wasiwasi. "Yale mengine yalikuwa hayapatikani."

"Yameganda. Ni gundi tupu humu ndani."

"Yalishona miaka mingi, mwanangu. Usiyatukane."

Mume wangu ni kinyozi. Jioni nilimwomba mafuta mepesi ya mashine zake za kunyolea na brashi yake ndogo. Mafuta alinipa. Brashi alikataa, nikaichukua akiwa anaoga. Nimepitisha mafuta ya taa kwanza kila mahali panapocheza, kwa kitambaa na kijiti cha kiberiti, ili yale ya kale yalegee. Nyumba nzima inanuka mafuta ya taa. Mume wangu amesema akiwasha kiberiti tutaonekana mji wa pili.

Jumapili, 15 Machi

Nimetoa bati lililo chini ya sindano. Chini yake kulikuwa na zulia. Sisemi vumbi, nasema zulia: manyoya ya nyuzi yaliyogandamizwa miaka yote hiyo, unalichomoa kwa kibanio linatoka tabaka kwa tabaka, kila tabaka na rangi yake. Nikawa namsomea Mama rangi hizo, naye anataja nguo.

"Kijani."

"Gauni lako la shule."

"Nyeupe."

"Mashati ya kaka zako."

"Buluu, nyingi."

"Sare za watoto wa mjomba wenu, mwaka ule walipokaa kwetu."

"Ulikuwa na kazi, Mama."

"Mimi nilikuwa nakata," akasema. "Aliyeshona ni dada yako."

Jumanne, 17 Machi

Mafuta ya taa, asubuhi na jioni. Halizunguki.

Ijumaa, 20 Machi

Halizunguki. Dada alipita kuuliza nataka ubao wa rangi gani. Nikamwambia rangi ya cherehani.

Jumanne, 24 Machi

LIMEZUNGUKA.

Nilikuwa nimerudi kazini, nimelowa, sijavua hata koti. Nikaweka mkono kwenye gurudumu kama unavyomshika mtu bega, sikusukuma, nililigusa tu, likaenda. Kwanza kidogo, likasita, likaenda tena, na kule mbele fimbo ya sindano ikapanda na kushuka. Nilipiga vigelegele peke yangu. Mama akajiunga bila kuuliza ni za nini. Mume wangu alikuja mbio na taulo, akatukuta sisi wawili tunashangilia gurudumu, akatazama mara mbili, akarudi zake. Najua nimeandika kwa herufi kubwa. Na ziwe kubwa.

Alhamisi, 26 Machi

Ukanda wa ngozi umekatika nilipokanyaga mara ya kwanza. Si kitu. Mshona viatu wa njia panda amenikatia mwingine, nimeuunganisha kwa waya, nimeupitisha vizuri. Miguu sasa inachezesha gurudumu. Mafuta ya kinyozi tone moja kila tundu, si zaidi, nimejifunza kutokana na makosa ya Mama.

Jumamosi, 4 Aprili

Leo nilitia uzi. Nilisubiri siku yenye mwanga. Njia ya uzi naijua kama njia ya kwenda chooni, nimeitazama utoto wangu wote. Sindano mpya, na bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, nimeijaza sawasawa. Nikaweka kipande cha shuka ya zamani, nikazungusha gurudumu, nikakanyaga.

Ilitoa sauti ya mtu anayetafuna mchanga. Juu ya kitambaa hakuna mshono hata mmoja. Chini yake kuna fundo la uzi kubwa kama kichuguu.

Jumapili, 5 Aprili

Imegoma.

Jumatatu, 6 Aprili

Imegoma. Nimebadilisha uzi.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimelegeza, nimekaza, nimelegeza. Sindano imevunjika, kipande kimeruka kikaangukia kwenye uji wa mume wangu. Anasema ningemuua ningekosa mtu wa kumwibia brashi.

Jumapili, 12 Aprili

Dada amekuja na vipande vya mbao, cheusi, chekundu na cha manjano, akavipanga juu ya kitanda cha Mama kama anauza. Nilikuwa chini ya cherehani nikitoa fundo. Hakuinama hata kunitazama. Nilimwona viatu tu.

"Bomoa, mdogo wangu," akasema, "unajichosha. Si aibu kushindwa."

"Sijashindwa."

"Nimesikia inavyolia kutoka barabarani."

Nilitaka kumjibu kitu kibaya, kikaja kibaya zaidi, nikalivuta lile fundo kwa meno. Huyu mtu alipewa vyote. Alipewa kiti, alipewa mkasi, alipewa Mama nyuma yake akimwelekeza. Na sasa hataki hata kuigusa. Nimeangalia vizuri: kwa ziara zote hizi amepima miguu, amegusa miguu, kichwa chenyewe hajawahi kukiwekea kidole. Ni maringo tu.

Jumatano, 15 Aprili

Imegoma.

Jumapili, 19 Aprili

Sitaki kuiongelea.

Jumatano, 22 Aprili

Mvua ilipasua barabara ya kiwandani, tulikaa na mkate mpaka mchana. Dereva mwenzangu akaniuliza cherehani yangu inaendeleaje. Nikamwambia aendeshe gari lake.

Ijumaa, 1 Mei

Imegoma, na mvua imeanza kuchelewa kuanza. Jana ilinyesha alasiri tu. Leo kulikuwa na jua la saa nzima na nililichukia jua hilo kama mgeni asiyeaga. Mume wangu aliniona nimekaa kitandani na mikono yenye grisi, akakaa karibu yangu. Kwa kawaida angetania. Akasema, "Nikuletee maji ya moto unawe?" Nikalia. Sikulia kwa ajili ya chuma. Nililia kwa sababu nilianza kuamini kwamba wamesema kweli miaka yote hii.

Jumapili, 3 Mei

Nitaandika mpaka mkono uchoke.

Baada ya chakula nilisema nijaribu mara ya mwisho. Nikafungua bati la chini ya sindano kulisafisha, skrubu ikaniponyoka, ikaviringika ikaenda ng'ambo, upande wa ukuta. Nikapiga magoti, nikatambaa, nikaipata. Nilikuwa nimechoka, sikuinuka. Nikakaa pale pale sakafuni, miguu nimeikunja, nikaegemea ukuta. Mume wangu alikuwa ameingia kumletea Mama chai, akakaa kwenye kiti cha cherehani kupumzika, na kama mwanamume yeyote aliyewekewa kitu cha kukanyaga mbele yake, akaanza kukanyaga bila kuligusa gurudumu, likashika upande lilioutaka.

Nikaiona inavyozunguka kama nilivyoizoea kuiona. Ile picha ya kichwani mwangu na hii ya mbele yangu zilikuwa moja. Gurudumu liko kushoto kwangu, sehemu yake ya juu inatoka kwangu inaenda kwa aliyeketi. Na nikawaza: kama inatoka kwangu mimi niliyeko huku, basi kwa aliyeko kule inakuja kwake.

Mimi nimekuwa nikiizungusha iende mbele, inikimbie, kwa sababu ndivyo nilivyoiona miaka yote. Lakini niliiona kutoka huku.

"Usiguse kitu," nikamwambia mume wangu. Kikombe kikabaki hewani.

Nikatambaa tena hadi upande wa kiti, nikatazama sindano. Nilikuwa nimeiweka upande wake wa bapa ukiangalia kulia na uzi nikautia kutoka kushoto, kwa sababu kutoka ukutani ndivyo Dada alivyoonekana akifanya. Kulia kwangu ni kushoto kwake. Nimejifunza kushona kinyumenyume. Kila nilichojua nilikuwa nakijua sawasawa kabisa, kwa upande wa ukutani.

Nikarudisha bati na skrubu yake. Nikageuza sindano, bapa likaenda kushoto. Nikatia uzi kutoka kulia. Nikamwondoa mume wangu kwenye kiti, nikakaa mimi. Nikashika gurudumu juu, nikalivuta lije kwangu, kisha nikakanyaga.

Tak. Tak. Tak tak tak tak.

Nilitoa kile kitambaa nikakiinua dirishani. Mstari. Umenyooka, tundu kwa tundu, juu sawa na chini. Nikauvuta kwa nguvu zote na haukukatika. Nikampa Mama aupapase, kwa sababu macho yake hayafiki huko. Alipitisha kidole gumba juu, akageuza, akapitisha chini.

"Umeshona," akasema.

"Nilikuwa nafanya yote kinyume, Mama. Nilijifunzia kutoka kule ukutani."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akashika mbavu, nami nikacheka, na mume wangu akamwaga chai. "Mimi ndiye niliyekuweka pale," akasema akijifuta machozi. "Mimi ndiye niliyekuweka kule ukutani, mwanangu, halafu nikashangaa hujui."

Kisha akanyoosha mkono akatafuta kichwa changu, akakishika. Mama yangu si mtu wa kushikashika watu. Sitaandika zaidi hapo.

Jumanne, 5 Mei

Nimeshona mapazia.

Jumatano, 6 Mei

Nimeshona foronya, mfuko wa foronya, na mfuko wa kuwekea ule mfuko.

Ijumaa, 8 Mei

Mume wangu anaficha nguo zake. Anasema mtu akisimama nyumba hii dakika mbili anapunguzwa mikono.

Jumapili, 17 Mei

Kila nikimaliza kushona natoa bati, napitisha brashi (nimemnunulia kinyozi nyingine, hii ni yangu), natia tone la mafuta, nazungusha bila uzi mpaka yaenee, nafuta, nafunika. Mama anasikiliza hatua zote na nikiruka moja anakohoa. Wiki hii haijanyesha sana. Sasa inyeshe isinyeshe, shauri yake.

Jumapili, 24 Mei

Jua kali tangu asubuhi. Nilijua watakuja, nikavaa vizuri.

Dada aliingia na fundi seremala nyuma yake, amebeba ubao mwekundu begani na bisibisi mkononi. Sikumwambia Dada kitu chochote tangu siku ile, na Mama pia alinyamaza, tulikuwa tumekula njama. Seremala akaweka ubao chini, akapiga magoti, akatafuta skrubu za kichwa.

"Ngoja, fundi," nikasema. "Mama alisema ikishona ni cherehani."

Dada akapumua kama mtu anayemvumilia mtoto. "Haya. Shona."

"Wewe ndiye uchague kitambaa."

Akatazama huku na huku. Seremala alikuwa amevaa aproni ya turubai, mfuko wake umechanika na kuning'inia kwa uzi mmoja. Dada akainyooshea kidole. Alidhani ananikomesha. Turubai iliyokunjwa mara mbili inatisha hata cherehani mpya.

Seremala akavua. Nikaupanga mfuko, nikateremsha kile chuma kinachobana kitambaa, nikavuta gurudumu lije kwangu. Sikukimbia. Nilipofika kwenye kona yenye kunjo nene nilizungusha kwa mkono, tundu moja moja, nikasikia sindano inapita, nikarudi kukanyaga. Nilizunguka mfuko wote, nikarudia pembeni, nikakata uzi. Seremala akaingiza nyundo mfukoni akarukaruka mara mbili pale chumbani. Mfuko haukutikisika.

"Huu utanizidi umri," akasema. Akabeba ubao wake. "Mama, hapa hakuna kazi yangu." Akaondoka akipapasa mfuko.

Nikageuka nione sura ya Dada. Nilikuwa nimeisubiri sura hiyo mvua nzima. Alikuwa ameshatoka.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye ngazi ya jiko, viatu vyake vizuri kwenye tope. Nilikuwa nimepanga maneno mengi matamu ya kumsimanga. Nikakaa kando yake.

"Hongera," akasema. "Kweli kabisa."

"Kumbe ulitaka sana hiyo meza?"

"Nilitaka inyamaze." Alisema hivyo bila kunitazama. "Niliposikia ile sauti sasa hivi, miguu yangu ilikaza. Unajua nilikuwa nashona mpaka miguu inakufa ganzi? Nyinyi mnacheza nje, nawasikia. Wewe unakuja, unakaa pale ukutani, unatabasamu, ukichoka unainuka unaenda zako. Nilikuwa nakuonea wivu mpaka kichwa kinauma."

"Wewe? Unionee wivu mimi?"

"Nani mwingine?"

"Dada, mimi nilikuwa pale nakuonea wivu wewe. Nilikuwa nakitaka hicho kiti."

Akanitazama sasa. Tulikaa hivyo, watu wazima wawili, kila mmoja anahesabu upya utoto wake. Nikakumbuka nilivyoandika humu kuhusu maringo yake. Maringo gani. Alikuwa hawezi kuigusa.

"Nimewashonea wote," akasema. "Wewe, kaka zako, wale watoto wa mjomba. Mimi nilivaa za Mama zilizopunguzwa, kwa sababu kila zamu yangu ikifika kitambaa kimeisha au sare za mtu zinangojewa. Hakuna mtu aliyewahi kunishonea kitu. Hata kitambaa cha mkono."

Niseme nilivyojisikia: ushindi ulikuwa bado umenijaa kifuani, sikuuona ukipungua, lakini ulibadilisha mahali. Nikasimama.

"Njoo ndani."

"Nije kufanya nini?"

"Nikupime."

"Wewe?" Akacheka na machozi yako kidevuni. "Wewe unishonee mimi?"

"Cherehani inatoka chumbani kwa Mama leo, inakuja sebuleni kwangu, hutaisikia tena mtu akiwa amesimama nyuma yako. Hutaigusa. Utakaa kwenye kochi unywe chai, miguu juu. Haya, njoo."

Alisimama katikati ya sebule, akainua mikono pembeni. Hakujua aiweke vipi, alikuwa hajawahi kupimwa. Mama alisogea mlangoni kwa kupapasa ukuta, akasikiliza utepe ukipita. "Mwachie nafasi kifuani," akasema, kisha kwa sauti ndogo, "Mwanangu mkubwa, simama vizuri upimwe."

Jumamosi, 6 Juni

Gauni limekwisha. La buluu, mikono mifupi, mifuko miwili kwa sababu aliitaka miwili. Nimefumua kola mara nne. Dada alikuja jana na leo, akakaa kwenye kochi, akanywa chai, akatoa amri, akalala kidogo, akaamka akatoa nyingine. Cherehani ilipolia hakukaza miguu, au kama alikaza hakusema.

Alilivaa chumbani kwa Mama, akatoka. Nikaona kosa kabla hajafika mlangoni: pindo limepanda upande mmoja, kidole kizima, hata asiyeona kama Mama angeona.

"Vua," nikamwambia. "Limepinda. Nusu saa tu nalirekebisha."

Akajitazama chini, akageuka upande huu, akageuka ule, akaingiza mikono kwenye mifuko yote miwili.

"Lisiguswe," akasema, akafungua mlango wa barabarani, akatoka nalo.